KASUMBA YA OFISINI NA MAUMIVU YA MKULIMA

Neno kasumba lina maana mbili katika Kiswahili, na zote mbili zinahusika na jambo linalozungumzwa hapa. Maana ya kwanza ni ile ya masoko ya zamani ya pwani: kasumba ni afyuni, utomvu wa mmea uliotumiwa na binadamu kwa maelfu ya miaka kutuliza maumivu. Maana ya pili ilizaliwa na siasa. Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wananchi waliziita kasumba zile fikra za kikoloni zinazomlewesha mtu hata akadharau kilicho chake, akaogopa kutumia akili yake na akasubiri idhini ya mgeni kabla ya kutenda lililo la haki. Leo kasumba ya pili ndiyo inayomzuia mkulima mgonjwa asipate dawa itokanayo na ile ya kwanza.

Dawa hiyo ni mofini. Ilitengwa kutoka katika afyuni na mfamasia wa Kijerumani, Friedrich Sertürner, mwanzoni mwa karne ya 19. Haina mwenyewe tena, kwa maana kwamba hakuna kampuni inayomiliki haki ya kuitengeneza. Unga wake huyeyushwa kwa maji safi, ukatiwa dawa ya kuuhifadhi na rangi ya kutofautisha nguvu zake, kisha mgonjwa akapimiwa kipimo chake akanywa. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977. Karibu nusu karne imepita tangu hapo. Hata hivyo, wako wasomi na maofisa ambao mofini ikitajwa hutikisa kichwa na kusema kwamba dunia inatafuta dawa mpya zilizo salama zaidi, na kwamba ni busara kusubiri. Hoja hiyo inafaa ichunguzwe, kwa sababu anayetakiwa kusubiri si yule anayetoa ushauri.

MAUMIVU YA LUPIRO

Lupiro iko katika Wilaya ya Ulanga, ng'ambo ya kusini ya Mto Kilombero, katika bonde la mpunga, mbu na mafuriko. Msimu wa kilimo ukifika, familia huhamia kwenye vibanda vya shambani. Mpunga ukianza kuiva, watoto na wazee hushinda juu ya madungu wakiamia ndege. Kabla ya daraja la Kilombero kuzinduliwa mwaka 2018, safari ya kwenda Ifakara ilikatwa na mto, na mgonjwa alisubiri zamu ya pantoni pamoja na magunia ya mchele. Daraja limeondoa kikwazo cha mto. Kikwazo cha kabati la dawa lenye kufuli hakijaondolewa na daraja lolote.

Maumivu ya bonde hili yana sababu zinazojulikana. Moja ni ugonjwa wa selimundu. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison alionyesha, kwa kazi aliyoifanya Afrika Mashariki, kwamba mtu aliyerithi chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu huwa na kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana urithi huo umedumu katika nchi za mbu. Lakini mtoto aliyerithi kutoka kwa wazazi wote wawili huulipia ushuru mzito: chembe zake za damu hujikunja kama mundu, huziba mishipa midogo, na mifupa yake hukosa hewa. Tanzania ni mojawapo ya nchi zinazoongoza duniani kwa idadi ya watoto wanaozaliwa na ugonjwa huo. Mtoto akishikwa na maumivu yake, vidonge vya Panadol ni kama kujaribu kuzima moto wa mbuga kwa kata ya maji.

Sababu ya pili ni saratani. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini, na wengi hufika hospitali wakati ugonjwa umekwisha kusambaa. Tiba ya mionzi iko mbali: kutoka Ifakara hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni safari ya zaidi ya kilomita 400. Mama ambaye ameambiwa kwamba hawezi kuponywa hurudishwa nyumbani. Anaporudishwa, taifa huwa limekiri kwamba halina tena dawa ya kumponya. Halijakiri, wala halina haki ya kukiri, kwamba halina tena wajibu kwake.

Kwa hayo yaongezwe waliovunjika miguu katika ajali za pikipiki, walioungua kwa mafuta ya taa, na wajawazito waliopasuliwa. Hawa wote hawahitaji hotuba juu ya uvumilivu. Wanahitaji dawa.

KUFULI NA UFUNGUO

Ili hoja ya kusubiri ipimwe kwa haki, lazima ieleweke dawa hizi hufanyaje kazi. Katika ubongo, katika uti wa mgongo na katika matumbo kuna chembe zenye protini zinazoitwa vipokezi. Kipokezi ni kama kufuli, na mofini ni ufunguo unaoingia humo. Ufunguo ukiingia, chembe ya fahamu hutulizwa na habari ya maumivu haipiti kwa nguvu kwenda ubongoni. Mwaka 1973, wakati Watanzania wapatao milioni 2 walipokuwa wakikusanyika kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, Candace Pert na Solomon Snyder wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walithibitisha kuwako kwa vipokezi hivyo. Wataalamu wengine walifikia jambo hilohilo mwaka huohuo. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, huko Aberdeen, Uskoti, waligundua kwamba mwili wenyewe hutengeneza funguo za namna hiyo. Maumbile hayakuweka kufuli hilo kwa ajili ya wahalifu. Yaliliweka kwa ajili ya binadamu mwenye maumivu.

Taabu ni kwamba kufuli la aina hiyohiyo lipo pia katika sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi, katika sehemu inayompa mtu raha, na katika matumbo. Kwa hiyo dawa inayotuliza maumivu yaweza kupunguza pumzi ikizidi kipimo, yaweza kumfunga mgonjwa choo, na yaweza kumzoesha mtu. Ndoto ya wataalamu ni kupata ufunguo utakaofungua mlango wa nafuu na kuiacha mingine imefungwa.

Ndoto hiyo ni ya heshima, lakini ina historia ambayo maofisa wanaohimiza kusubiri hawaitaji. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliingiza sokoni dawa ya kikohozi iliyonadiwa kuwa haina mazoea mabaya ya mofini. Jina lake lilikuwa Heroin. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ilikuja pethidini, nayo ikasifiwa hivyohivyo mwanzoni, kisha sifa ikaonekana kuwa ya uongo. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ya Marekani ilileta OxyContin, ikawashawishi madaktari kwamba hatari ya uraibu ni ndogo. Mwaka 2007, na tena mwaka 2020, kampuni hiyo ilikiri makosa ya jinai mahakamani. Watu zaidi ya 80,000 walikufa nchini Marekani mwaka 2021 pekee kwa kuzidisha dawa za jamii ya afyuni, wengi wao kwa fentanili inayotengenezwa kwa magendo.

Sayansi ya miaka ya karibuni imeendelea mbele zaidi, lakini kwa unyenyekevu. Mwaka 1999 Laura Bohn na wenzake walionyesha kwamba panya waliokosa protini iitwayo arrestini walipata nafuu kubwa na ya muda mrefu kutokana na mofini. Kazi zilizofuata zikadokeza kwamba panya hao pia hawakupungukiwa pumzi sana. Ikadhaniwa kwamba siri imepatikana: ni kutengeneza ufunguo usioiita arrestini. Mwaka 2012 umbo kamili la kipokezi cha mofini lilichorwa, na matumaini yakapanda. Lakini maabara nyingine ziliporudia majaribio yale juu ya pumzi, hazikupata matokeo yaleyale. Dawa ya kwanza ya kundi hilo, oliseridini, iliidhinishwa Marekani mwezi Agosti 2020. Ilikuwa ya kutolewa kwa sindano ya mshipa, hospitalini, na karatasi yake bado ilionya juu ya uraibu na kupungukiwa pumzi.

Tarehe 30 Januari 2025 Marekani iliidhinisha dawa nyingine, suzetrigini, ambayo haigusi kabisa vipokezi vya afyuni. Huziba njia ya sodiamu katika mishipa ya fahamu inayobeba maumivu. Ni hatua kubwa ya kisayansi na inastahili pongezi. Bei yake iliyotangazwa ilikuwa dola 15.50 kwa kidonge kimoja, na mgonjwa humeza viwili kwa siku. Mwenye kumwambia mkulima wa mpunga wa Lupiro asubiri dawa hiyo anamwambia auze shamba ili alale usiku kucha, kisha siku chache baadaye aanze tena kutafuta cha kuuza.

KILO 100

Mwaka 2017 tume ya kimataifa iliyoundwa na jarida la kitabibu la The Lancet ilitoa taarifa juu ya jambo hili. Tume ilikadiria kwamba dawa za jamii ya afyuni zinazogawanywa duniani kwa mwaka, zikipimwa kwa kulinganishwa na mofini, ni tani 298.5. Kati ya hizo, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1. Mwalimu wa hesabu awawekee wanafunzi ubaoni: kati ya kilo 298,500, nchi maskini kuliko zote ziligawana kilo 100.

Hesabu hiyo yatosha kuonyesha kwamba dunia ina magonjwa mawili yaliyo kinyume. Marekani iliugua kwa wingi wa dawa uliosukumwa na tamaa ya faida. Afrika inaugua kwa uchache uliosababishwa na woga, urasimu na kutokuwapo kwa faida. Mofini ya maji ni rahisi mno kiasi kwamba hakuna mchuuzi anayepita ofisini kuinadi, hakuna semina ya hotelini inayoandaliwa kwa ajili yake, wala hakuna kalenda ya ukutani yenye jina lake. Dawa isiyo na mchuuzi haina mtetezi, isipokuwa kama Serikali na watumishi wake wataamua kuwa watetezi wake.

Kuchukua tiba ya ugonjwa wa Marekani na kuitumia kwa ugonjwa wa Lupiro ni sawa na kumnyima maji mtu mwenye kiu kwa sababu jirani amezama mtoni. Hiyo ndiyo kasumba yenyewe: nchi tajiri imetishwa na makosa yake, na ofisa wa nchi maskini anatetemeka kwa niaba yake.

HOJA ZA WAOGA

Wako wanaodai kwamba mofini itawafanya wagonjwa kuwa wateja wa dawa za kulevya. Hakuna mtu makini anayesema kwamba mofini haina hatari. Kijana wa selimundu anayeihitaji mara kwa mara lazima afuatiliwe kwa uangalifu, na aliyezidishiwa kipimo lazima apatiwe haraka naloksoni, dawa inayoiondoa mofini kwenye kufuli lake. Lakini hatari inayojulikana hushughulikiwa kwa mafunzo na uangalizi. Insulini nayo huua ikizidi, na haijafungiwa kwa sababu hiyo. Mama wa saratani anayekunywa kipimo chake kila baada ya saa 4 hatafuti ulevi. Anatafuta nguvu ya kukaa, kula uji na kuagana na wanawe.

Isitoshe, Tanzania yenyewe imekwisha kujibu hoja hii kwa vitendo. Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuwapa metadoni waraibu wa heroini. Metadoni huingia katika kipokezi kilekile cha mofini. Kila siku mgonjwa hufika, hutambuliwa, hupimiwa na kumeza mbele ya mtumishi. Huduma hiyo ikaenezwa Mwananyamala, Temeke na kwingineko, na wengi waliokuwa wamekatiwa tamaa wakarudi kazini na majumbani kwao. Ni sifa kubwa kwa taifa. Lakini taifa lililoweza kumwekea utaratibu kijana aliyejidhuru kwa heroini, na likafanya hivyo kwa hekima, halina udhuru wa kumnyima dawa ya jamii hiyohiyo bibi aliyelima maisha yake yote.

Wako pia wanaosema kwamba dawa itaibwa na kuuzwa mitaani. Heroini iliyoharibu vijana wa pwani haikutoka katika zahanati yoyote. Ilitoka Asia kwa majahazi, ikivuka Bahari ya Hindi. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 iliwekwa dhidi ya wafanyabiashara hao. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961, ambao ndio msingi wa udhibiti huu duniani, unaeleza tangu utangulizi wake kwamba matumizi ya kitabibu ya dawa hizi hayawezi kuachwa, na kwamba lazima zipatikane kwa ajili hiyo. Wajibu ni wa pande mbili. Ofisa anayetekeleza upande wa kufunga na kuusahau upande wa kutoa ametekeleza nusu ya sheria.

Hapa ndipo mzizi wa fitina ulipo. Chupa moja ya mofini ikipungua katika kabati, barua zitaandikwa, maelezo yatatakiwa, na mtumishi anaweza kusimamishwa kazi. Mgonjwa akilia kwa maumivu mwezi mzima mpaka akafa, hakuna faili litakalofunguliwa wala mtu atakayeulizwa. Mtumishi mwenye akili timamu, akiwekwa katika utaratibu wa namna hiyo, hujifunza upesi kwamba kabati tupu ndilo kabati salama. Haifai kumlaumu peke yake. Lawama ni ya utaratibu unaohesabu chupa na usiohesabu maumivu.

Hoja nyingine ni ya upungufu wa madaktari. Jirani amekwisha kuijibu. Nchini Uganda, daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 kwa kutumia mofini ya maji. Mwaka 2004 nchi hiyo ikabadili kanuni zake, ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini. Serikali ya Uganda huitoa bila malipo. Uganda haikuwa tajiri kuliko Tanzania ilipofanya hivyo. Ilichokuwa nacho ni uamuzi. Hata Tanzania haianzi patupu: Ocean Road, Muheza, Selian na vituo vingine vimefanya kazi ya tiba shufaa kwa miaka mingi, na wauguzi wao hufuata wagonjwa hadi majumbani. Kinachotakiwa ni kuifanya kazi ya wachache iwe haki ya wengi.

Ulanga yenyewe ina mfano wake. Mwaka 1960, huko Mahenge, daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alifungua kliniki ya wenye kifafa, watu waliokuwa wakitengwa na jamaa zao. Dawa aliyoitegemea ilikuwa fenobabitoni: ya zamani, rahisi, yenye kuua ikizidishwa, na ambayo baadaye iliwekwa chini ya udhibiti wa kimataifa. Ilitolewa milimani, mbali na kila mtaalamu, nayo ikawapa wagonjwa wengi maisha. Hakuna aliyewaambia wasubiri dawa nzuri zaidi kutoka maabara za Ulaya. Wangalisubiri, wengi wangaliungua katika mafiga.

Hoja ya mwisho ni mbaya kuliko zote kwa kuwa huvaa joho la utamaduni. Husemwa kwamba Mwafrika amezoea kuvumilia na kwamba mvumilivu hula mbivu. Methali hiyo ilitungwa kwa mtu anayengoja embe liive; haikutungwa kwa mtoto ambaye mifupa yake inakosa hewa. Mkoloni naye alidai kwamba Mwafrika hahisi maumivu kama mtu mweupe, na kwa dai hilo alihalalisha kiboko. Inashangaza kuisikia hukumu hiyohiyo ikisomwa upya na msomi mweusi mwenye shahada.

DENI LA BONDE LA KILOMBERO

Isidhaniwe kwamba haya yanasemwa kwa kuichukia sayansi mpya. Bonde la Kilombero ni mahali pa mwisho ambapo mtu anaweza kuhubiri chuki hiyo. Tangu mwaka 1957, Profesa Rudolf Geigy wa Uswisi alipoanzisha maabara Ifakara, wananchi wa bonde hili wamekuwa washirika wa utafiti wa dunia. Maabara hiyo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Katika miaka ya 1990 watoto wa Kilombero walishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria ya SPf66. Tangu mwaka 1997 Kilombero na Ulanga zilikuwa shamba la mfano la kusambaza vyandarua vyenye dawa, na yaliyopatikana hapa yalichangia kulishawishi taifa zima. Katika nyumba za Lupiro na vijiji vya jirani, wataalamu wamekesha miaka mingi wakihesabu mbu. Watu hawa wametoa damu yao, usiku wao na milango yao.

Wananchi waliotoa kiasi hicho wana haki mbili. Haki ya kwanza ni kupata matunda ya elimu iliyokwisha kupatikana, na mofini ni tunda la zamani lililoiva siku nyingi. Haki ya pili ni kutoachwa nje dawa mpya zinapobuniwa.

Haki hii ya pili ina sababu ya kitaalamu. Kodeini, kwa mfano, hugeuzwa na ini kuwa mofini kwa msaada wa kimeng'enya kimoja, na nguvu ya kimeng'enya hicho hutofautiana kati ya watu na watu. Tafiti za miaka ya 1990 zilionyesha kwamba nchini Ethiopia zaidi ya robo ya watu waliopimwa hufanya kazi hiyo kwa kasi isiyo ya kawaida, na kwamba Watanzania wana aina zao za urithi huo, tofauti na zile zilizozoeleka Ulaya. Kipimo kilicho salama kwa mgonjwa wa Boston hakiwezi kudhaniwa tu kuwa ni salama kwa mgonjwa wa Lupiro. Kwa hiyo wataalamu wa Ifakara na Muhimbili wanapaswa kuwamo katika utafiti wa dawa mpya za maumivu tangu hatua ya kuuliza maswali, na mikataba ya majaribio ieleze kwa maandishi bei ambayo wananchi walioshiriki watauziwa dawa ikifaulu. Bila hivyo, mkulima atakuwa ametoa damu kwa ajili ya kidonge cha dola 15.50 ambacho hatakimeza kamwe.

YANAYOPASA KUTENDWA

Mambo ya kufanya si ya ajabu. Kwanza, mofini ya maji ihesabiwe kuwa dawa ya lazima katika kila hospitali ya wilaya na kila kituo cha afya, na kukosekana kwake kuulizwe kama kukosekana kwa dawa ya malaria kunavyoulizwa. Pili, wauguzi na matabibu wa vijijini wafundishwe kuitoa, na kanuni zote zinazowafunga mikono zitazamwe upya kwa mfano wa Uganda. Tatu, maumivu ya mgonjwa yaandikwe katika kadi yake kama joto na mapigo ya moyo yanavyoandikwa, ili taarifa ya wilaya ionyeshe wangapi walifika na maumivu makali na wangapi walipewa nafuu. Jambo lisiloandikwa halimsumbui mkaguzi. Nne, unga uagizwe kwa pamoja na Bohari ya Dawa na dawa itengenezwe nchini, kwa kuwa kazi hiyo haihitaji kiwanda kikubwa. Huko ndiko kujitegemea.

Watumishi wa umma wana sehemu yao. Kila saini inayocheleweshwa juu ya kibali cha dawa hii ina mtu upande wa pili. Mtumishi ambaye jalada limekaa mezani kwake wiki mbili kwa sababu mhusika yuko safarini ajue kwamba zile wiki mbili zimehesabiwa mahali pengine, usiku kwa usiku, na jamaa walioketi kando ya kitanda.

Walimu nao wana kazi isiyoweza kufanywa na mwingine. Mtoto anayekosa shule mara kwa mara na kurudi macho yakiwa ya manjano huenda ana selimundu. Wapo wa namna hiyo waliochapwa kwa utoro. Mwalimu akimtambua, akamwelekeza mzazi kituo cha afya, na akalieleza darasa asili ya ugonjwa huo badala ya kuliachia liseme amerogwa, atakuwa amefanya kazi ya nusu ya daktari. Tena mwalimu ndiye awezaye kukifundisha kizazi kipya tofauti kati ya dawa na ulevi, ili mjukuu asije akamnyang'anya bibi yake chupa ya nafuu kwa kudhani ni sumu.

Azimio la Arusha lilianza kwa kutamka kwamba binadamu wote ni sawa na kwamba kila mtu anastahili heshima. Sentensi hizo haziweki sharti la kuwa na afya, wala la kuwa karibu na Dar es Salaam, wala la kuwa na siku nyingi zilizobaki za kuishi. Mgonjwa wa Lupiro anayekaribia kufa bado ni mwananchi mpaka pumzi yake ya mwisho. Wataalamu wa dunia na waendelee kuutafuta ufunguo mpya, na Watanzania wawemo miongoni mwao. Wakati huohuo, ufunguo wa zamani upo, ni rahisi, na kinachouzuia ni kufuli moja tu, lile la kabati. Wenye funguo za kabati hilo ni watumishi wa wananchi, nao walipewa funguo hizo ili wafungue.